Namba Zote Sahihi, na Mama Mkwe Hachezi

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeapa. Jumamosi doña Fidelina, mama mkwe wangu, anatimiza miaka themanini, na atacheza. Atacheza sebuleni mwangu, kwa muziki utokao kwenye kompyuta yangu! Tangu mumewe, don Heriberto, afariki, miaka mitatu sasa, hajainua mguu. Mwanamke ambaye uchezaji wake ulikuwa gumzo la mtaa mzima wa Barrio Obrero. Jana mezani alisema kwamba akiusikia wimbo wao, ule wa kofia ya Ramona, ukiwa vilevile kama siku waliyokutana, atasimama. La sivyo, viatu vyake vyeupe apewe mtu mwenye miguu ya kuvitumia. Nubia, mke wangu, akainamisha uso kwenye bakuli la supu ya sancocho ili tusimwone macho. Nikasema mama, niachie mimi.

Kompyuta ipo tayari chini ya televisheni. Filamu, picha, muziki, vyote vimo humo. Kilichokosekana ni kisanduku cha sauti, kile kinachogeuza namba za kompyuta kuwa muziki safi. Arnulfo, jirani yetu, alikuwa nacho. Kaletewa zawadi na mpwa wake, hajui hata kinawashwa wapi. Yeye anaishi na santuri elfu mbili, na kengele ya ng'ombe anayoigonga kufuatisha kila wimbo, hata akiwa bafuni.

Tumebadilishana kimyakimya. Mimi kisanduku, yeye gramafoni ya marehemu iliyokuwa stoo chini ya shuka. Chuma kikuukuu, kizito kama ndama. Mama hajui. Na atajuaje? Nani anaingia stoo?

Nimekagua mizani za masoko miaka thelathini mpaka nikastaafu. Hakuna mchuuzi aliyewahi kunipunja hata gramu. Sauti nayo ni vipimo tu.

Jumanne, 10 Juni

Mvumo! Nimeunganisha kila kitu, nimewasha, spika zinavuma kama mzinga wa nyuki. Nikigusa kompyuta, kimya. Nikiondoa mkono, nyuki hao. Nikakaa nusu saa nimeishika. Nubia akapita, akataka kujua kama na Jumamosi nitawapokea wageni nikiwa nimechuchumaa hivyohivyo.

Saa sita nikagundua. Amplifaya nimeichomeka jikoni, kompyuta sebuleni. Nikazichomeka zote soketi moja. Mvumo ukafa! Kimya kitamu, nikataka kukila kwa kijiko.

Lakini kimya kile kikafichua adui mwingine, feni ya kompyuta. Inahema kama mtu aliyepanda ngazi. Nimeihamishia kompyuta kwenye kabati la nguo na kupitisha waya chini ya mlango. Sasa magauni ya Nubia yana joto. Anasema kuvaa nguo zake ni kama kuvaa mkate uliotoka kwenye tanuri. Nimemwambia asubiri hadi Jumamosi, ataelewa. Amesema anaelewa tayari.

Wimbo nimeupata mtandaoni. Bwana mmoja wa New York kaunakili kutoka kwenye utepe wenyewe wa studio. Si santuri, utepe! Mwimbaji akimeza mate unamsikia. Kwa hakika zaidi nikamwomba mama nione santuri yao, anayoiweka chini ya godoro. Wimbo ni huohuo. Kwenye jalada marehemu aliandika 45 kwa kalamu nyekundu na kuizungushia duara. Bila shaka ni namba ya santuri katika mkusanyiko wake. Mtu mwenye mpangilio, nilimpenda kwa hilo.

Jumatano, 11 Juni

Nimekamata mwizi ndani ya nyumba yangu. Wimbo una namba elfu tisini na sita kwa kila sekunde. Kompyuta, bila hata kuniomba ruhusa, inazikoroga na kutoa elfu arobaini na nane. Nusu! Mchuuzi wa viazi angefanya hivyo ningemfungia kibanda siku hiyohiyo.

Nimeiamuru ikome. Sasa programu ya muziki inashika njia ya sauti peke yake, hakuna kingine kinachopita. Namba zinatoka kama zilivyoingia. Nimekagua mara tatu. Nikajipongeza kwa pandebono mbili, vile vimkate vya jibini.

Nilichosahau ni kwamba tamthilia ya Nubia na mama nayo hupitia kompyuta hiyohiyo. Daktari alifungua mdomo kumtaja baba wa mtoto, na sauti ikakatika. Midomo inacheza, hakuna neno. Yowe walilopiga! Mama akaamua kumsemea daktari mwenyewe, akamtaja mtunza bustani. Nubia akabisha, akasema ni kasisi. Wamegombana hadi chakula cha jioni, na wote wawili wananiangalia mimi kama vile ndiye baba wa mtoto.

Arnulfo amekuja kuuliza kama kisanduku kinafanya kazi. Kiherehere. Mama akamwita uani, wakanong'ona kitambo. Niliuliza wanasema nini. Mama akanijibu, mambo ya wazee, mwanangu, we kaendelee na nyaya zako.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya.

Nilimkalisha mama kiti cha katikati, nimepima, hatua sawasawa kutoka kila spika. Nikawasha. Mungu wangu, sauti ile! Ngozi ya ngoma unaisikia ikivutika. Mpiga piano anakohoa kidogo kabla ya kuanza, pengine hata mkewe hajui. Nikatokwa machozi, nikageuka nimwone mama.

Mama kakunja uso. Akasubiri. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama huyu mwimbaji anaumwa.

Nikasema ni mzima. Akasema hapana, huyu ana homa, sikiliza anavyojikokota, mwambieni akalale. Nubia akasema hata ngoma zinaburuta miguu. Nikaeleza habari ya utepe wa studio na namba elfu tisini na sita. Mama akanipigapiga mkononi, akasema ni sauti nzuri sana mwanangu, nzuri mno, ila si wimbo wetu. Halafu akaingia chumbani na kufunga mlango, akiwa hajamaliza hata kahawa yake.

Heri angenitukana.

Mimi ni mzaliwa wa Pasto, huko milimani, na hapa Cali kitu chochote kinachochelewa huitwa ndugu yangu. Basi likichelewa, ndugu yake Segundo. Maji yakichelewa kuchemka, ndugu yake Segundo. Leo nimekubali matani yote kimyakimya.

Ijumaa, 13 Juni

Nimebadilisha nyaya zote. Nimesogeza spika. Nimevua zulia, nimerudisha zulia. Nimepima wimbo kwa saa ya mkono, dakika nne na sekunde tisa, kama bwana wa New York alivyoandika. Hakuna kosa! Namba zote sahihi. Basi kosa liko kwenye masikio ya mama, na nitamwambiaje mwanamke wa miaka themanini hivyo?

Saa kumi, upepo wa milimani ulipoanza kushuka kama kila siku, nikasikia kitu kupitia ukuta. Wimbo wa Ramona! Kwa Arnulfo! Nikabandika sikio. Gramafoni ya marehemu inakimbia kama imefukuzwa na mbwa. Mwimbaji kapandisha sauti utadhani amebanwa kidole mlangoni, ngoma zinapapatika, na Arnulfo anagonga kengele juu yake bila aibu.

Nikacheka hadi nikakaa chini. Imeharibika! Kabadilisha kisanduku kizuri kwa mashine mbovu, na wala hajagundua, masikio yamemwisha. Nikamhurumia kidogo. Kidogo sana.

Nubia alinikuta sakafuni. Ameniambia mama ametoa viatu vyeupe kabatini, akavifuta, akavirudisha, mara mbili. Kicheko kikanikauka. Nubia akasema hajali namba wala nyaya, anataka amwone mama yake akicheza hata mara moja tu tena. Akasema, Segundo, usimwaibishe mbele za watu. Nimemwahidi. Nimeahidi nini, sijui.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika wageni wakiwa wameshaondoka.

Wageni walikuja saa tisa, watu ishirini na wawili, kila mmoja na kengele au kayamba yake, kama mtaa huu unavyofanya. Nubia aligawa lulada, juisi ya matunda yenye barafu. Arnulfo hakuwepo. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Mama kakaa kitini na gauni la njano, viatu vyeupe miguuni.

Nikasimama, nikatoa maelezo mafupi kuhusu utepe wa studio. Mtu wa nyuma akapiga kelele kwamba mtu wa Pasto awashe kabla keki haijaota ukungu. Nikawasha.

Sauti safi kuliko zote zilizowahi kusikika katika mtaa huu, nami nitaapa hivyo hadi kaburini. Mama akasimama. Akapiga hatua moja. Ya pili. Mguu wake ukatangulia, muziki haujafika, akaungoja huku kainua mguu, akayumba. Nubia akamdaka. Kengele za watu zikagonga mara mbili tatu, zikanyamaza moja moja. Mmoja akauliza kama umeme umepungua. Mwingine akauliza kama tuko msibani. Mama akarudi kitini, akaanza kujipepea, akatabasamu kwa ajili yangu. Tabasamu lile limenichoma kuliko homa ya mwimbaji.

Nikazima. Nikasema yote, mbele ya watu ishirini na wawili. Kwamba gramafoni ya marehemu haipo stoo. Kwamba niliitoa mimi, kwa siri, ili nipate kisanduku hiki. Kwamba naenda sasa hivi kwa Arnulfo kumpigia magoti, na kama ni mbovu nitaibeba hivyohivyo.

Nikafungua mlango. Arnulfo huyo kizingitini, jasho linamtiririka, gramafoni kifuani. Akaniambia nisogee, mgongo unamkatika.

Kumbe mama alijua tangu Jumanne! Aliingia stoo kutafuta mapambo, akaona duara la sakafu isiyo na vumbi. Jumatano pale uani alimwambia Arnulfo ailete leo saa kumi na moja, si kabla. Kwa nini si kabla? Akasema alitaka nipate zamu yangu kwanza. Akasema alimpenda Heriberto, lakini hakuwahi kumkazia hata kitasa, na huyu mtoto wa watu kalala chini ya meza wiki nzima kwa ajili yake.

Akatoa santuri kwenye mkoba. Arnulfo akaiweka, akasukuma kijiti cha kasi hadi mwisho, kwenye arobaini na tano. Nikamzuia mkono! Nikamwonyesha katikati ya santuri, pameandikwa thelathini na tatu. Wakanicheka wote, hadi watoto. Arnulfo akanielimisha kwamba New York walirekodi polepole, shauri yao. Santuri zilipofika Cali, vijana wa hapa, Heriberto akiwa mbele, waliona miguu yao inakaa bure kuungoja muziki, wakasukuma kijiti. Mtaa mzima ulicheza hivyo, wakapendana hivyo, wakaoana hivyo. Niliuliza kama mwimbaji aliridhia. Arnulfo akasema mwimbaji hakuwepo kwenye dansi.

Arobaini na tano. Kwa kalamu nyekundu. Na duara!

Sindano ikashuka. Mikwaruzo kama samaki kwenye mafuta. Mwimbaji kabanwa kidole mlangoni. Kengele ishirini kwa mpigo, madirisha yakatetemeka, na mama akawa katikati ya sebule kabla sijamwona akiinuka. Viatu vile! Sikuviona vikigusa sakafu. Nubia analia waziwazi, kajifunika kwa kitambaa cha meza. Halafu mama akanikamata mimi. Mguu, Segundo, mguu! ananifokea, na mimi nachelewa, na anacheka, anacheka kama msichana, anasema hata Heriberto siku ile ya kwanza alimkanyaga. Nimemkanyaga mara sita. Sijawahi kuwa na furaha kama hii maishani.

Arnulfo ameiacha gramafoni, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Na kisanduku amesema nibaki nacho. Ni mtu mwema. Nafuta yote niliyoandika juu yake, isipokuwa la kengele bafuni.

Jumapili, 15 Juni

Nimetulia. Nimefunzwa. Muziki ni wa miguu, si wa vipimo. Nimemwambia Nubia hivyo, akanibusu, akaenda kanisani. Kompyuta imerudi chini ya televisheni, magauni yamepoa.

Mama amelala mchana. Kabla ya kulala amesema akiamka tutacheza tena, mimi na yeye, kila Jumapili hadi nijifunze. Aliviacha viatu vyeupe karibu na mlango.

Nikakaa na gramafoni, kuiangalia tu. Kisha kwa udadisi mdogo nikaweka kipaza sauti cha kompyuta mbele ya spika, nione inazunguka kwa kasi gani hasa. Si arobaini na tano! Ni arobaini na sita na robo! Miaka sitini inawapunja watu! Maskini don Heriberto, aliandika arobaini na tano kwa mkono wake, akazungushia na duara, hakuwahi kuipata. Nikipuuza hili nitakuwa nimemkosea marehemu.

Ni skrubu moja tu, chini. Nimeigeuza kidogo sana.

Springi fulani imeruka, imeingia nyuma ya friji. Hakuna haja ya hofu. Sahani bado inazunguka, ila kwa kurudi nyuma.

Mlango wa chumbani umefunguka. Mama anauliza akiwa ukumbini, anavaa viatu, kama wimbo uko tayari. Nimemjibu dakika tano tu, mama, naunyoosha kidogo.