Tangi Linavuja, Nami Nimefunga

Jumanne, 10 Machi 2026

Tangi la mafuta la gari langu linavuja. Tone moja kila nikihesabu hadi saba. Na Ijumaa nimealikwa kufuturu Mzenga, kwa Mzee Mwishehe, baba yake Mwanamvua. Si futari ya bure! Barua yangu ya posa iko kwake tangu mwezi wa Rajabu, na mzee anataka kuniona kwa macho kabla ya kujibu. Mgane wa miaka hamsini na mbili hapati nafasi kama hii mara mbili.

Nimempitia fundi Limbu, hapa Visiga. Akasema tangi lishushwe, lioshwe, lijazwe maji, ndipo achomelee. Siku mbili. Maji ndani ya tangi la petroli! Msukuma huyu ananiona mshamba. Tena mbele ya watu akanikumbusha kuwa kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Wakacheka wote. Utani wa makabila nao una mipaka. Nitalitengeneza mwenyewe.

Jumatano, 11 Machi

Sabuni ya mche. Saa nzima chini ya gari, nasugua tundu. Likaziba! Nikazunguka gari mara tatu kwa fahari. Alasiri mvua ikanyesha, uwanja ukajaa povu, tone likarudi.

Dawa ya kweli ni bigijii iliyotafunwa, kila mtu anajua. Lakini nimefunga. Nikamwomba jirani Devotha, Mkristo, anitafunie nne. Kumbe naye yuko kwenye Kwaresima, ameacha vitamu hadi Pasaka. Nikamweleza kwa upole kuwa kutafuna bila kumeza si kula. Akauliza kwa nini basi nisitafune mwenyewe. Wanawake wengine wana ubishi! Mwishowe akatafuna moja, kwa huruma. Tundu linahitaji nne.

Alhamisi, 12 Machi

Mpango mpya. Tundu liko chini, pembe ya kushoto. Nikipunguza mafuta, halafu nikaegesha magurudumu ya kushoto juu ya matofali, petroli yote itahamia kulia. Kidato cha nne sikwenda kutembea.

Nikanyonya kwa mpira. Nikameza. Funda zima, saa tisa mchana, kumi la mwisho la Ramadhani! Nikampigia Ustadhi Maneno kuuliza kama petroli inafunguza. Akauliza kama napumua vizuri, akasema nikimbie zahanati, habari ya funga tutazungumza baadaye. Mtu unauliza swali la dini, unajibiwa habari za zahanati.

Ijumaa, 13 Machi

Naondoka kwa njia ya Mlandizi. Kanzu nimeifukiza udi kufunika harufu. Sasa nanukia udi na petroli. Hata hivyo, nimependeza.

Jumamosi, 14 Machi

Sikutaka kuandika. Naandika.

Kwa Mzee Mwishehe hakuna tofali hata moja. Nikapandisha magurudumu ya kushoto juu ya tuta la mihogo, hatua kumi kutoka jiko la uani. Nikamwamkia mzee shikamoo. Akaitikia marahaba huku ananusa. Tuta lilikuwa limelowa mvua. Likabonyea taratibu, gari likalala kushoto. Mzee akaona kijito chembamba cha petroli kinaelekea mafigani, akaamuru moto wote uzimwe. Wote! Ilibaki nusu saa tu kabla ya adhana. Uji haujaiva, mihogo bado migumu. Wageni thelathini wakafuturu tende na maji. Figa la mwisho alilimwagia ndoo Mwanamvua mwenyewe, wala hakunitazama. Niliona aibu.

Mzee akaamuru nimwite fundi. Limbu akaja na pikipiki, akanyonya mafuta kwa pampu ya mkono. Kumbe zipo! Kisha akakaribishwa mkekani, akamtania mzee mpaka mzee akafuta machozi kwa kicheko. Wakapeana namba za simu. Mimi sikupewa hata namba.

Jumatatu, 16 Machi

Mwanamvua amepiga! Baba amekubali, na yeye amekubali. Sharti moja tu: kabla ya Idi tangi litengenezwe, na alitengeneze Limbu. Akasema alishazika mume mmoja mjuaji, hana nguvu ya kumzika wa pili. Nikaahidi. Nilipokata simu nililia kwa furaha, naapa.

Lakini siku mbili! Na maji ndani! Na kile kicheko cha Limbu! Nimewaza mpaka nimepata. Nimenunua kopo la rangi nyeusi. Tangi likipakwa vizuri, nani atajua limeguswa na nani?

Jumatano, 18 Machi

Limeng'aa! Hata tone halionekani, kwa kuwa chini nimeweka beseni. Nimemwandikia Mwanamvua kuwa Limbu amemaliza leo asubuhi hapahapa uwanjani kwangu, kazi safi, Idi nitamfuata yeye na mama yake kwa gari.

Amejibu hapohapo. Limbu yuko kwao Mzenga tangu jana, anachomelea geti la baba, na ananisalimu.

Nimemjibu kuwa huyo ni Limbu mwingine.