Mvuke wa Maendeleo

Ilitangazwa rasmi, kwa vipaza sauti viwili, kwamba moshi wa Matsangoni si moshi. Ni mvuke wa maendeleo. Aliyethibitisha ni Bwana Owen, Mkurugenzi wa Utulivu wa Hewa, aliyeketi asubuhi nzima upande upepo unakotoka asinuse kitu.

Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kikashangilia. Owen akatoa na mwongozo kwa zahanati zote: mkazi akikohoa, ana mafua; akivimba miguu, apunguze chumvi. Neno sumu lisitamkwe, linawatia wawekezaji unyonge.

Jioni Nzai, mgema wake, akaleta dumu la mnazi kama kawaida, ila hakuondoka.

"Mheshimiwa, figo za mke wangu Priscilla zinakufa. Hospitali ya Mombasa imesema ni sumu ya kile kiwanda. Kifungeni, nakusihi."

"Nzai, mapafu ni suala la umma, tunayajadili vikaoni. Figo zimo ndani ya mtu. Huko ofisi yangu haina mamlaka." Owen akamimina bilauri nyingine. "Mtamu huu! Wa Kaloleni?"

"Kaloleni nauli imepanda. Nagema papa hapa, minazi iliyopakana na ukuta wa kiwanda. Vumbi jeusi naliengua kwa kidole."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Si mlisema ni mvuke?"

Owen akakohoa. Akautazama mguu wake wa kushoto, akauona umenenepa. Hofu ikamshika hasa, akatoka mbio, na viatu akavisahau.

Zahanatini, muuguzi Gladys alimpokea kwa adabu zote.

"Nipime sumu, mama! Nakohoa, mguu umevimba!"

"Pole, Mheshimiwa. Waishi Matsangoni?"

"Nakunywa Matsangoni!"

Gladys akausoma mwongozo uliobandikwa ukutani. "Basi ni mafua. Na chumvi upunguze."

"Mwongozo huo ni wangu! Naufuta!"

"Waufuta kwa wote, ama kwako peke yako?"

Owen akageuka. Benchi lilijaa watu wakikohoa, na mwanzoni kabisa aliketi Priscilla, miguu imemvimba, amejifunga leso. Owen akaomba kalamu, akaufuta mwongozo, na kwa wino uleule akaandika amri ya kukifunga kiwanda.

"Ahsante," Gladys akasema, akivaa glavu. "Sasa kaa foleni, Mheshimiwa. Twaanza na Priscilla."