Pingamizi la Mhudumu wa Fisi Dhidi ya Panda

Kwa Mkurugenzi,
Bustani ya Wanyama ya Jiji,
Ghorofa ya kwanza, mlango wenye pazia.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUPINGA KULETWA KWA PANDA WAWILI BUSTANINI KWETU

Naomba uisome barua hii ukiwa umeshakunywa chai, maana nimeiandika kwa heshima zote lakini si kwa upole.

Ulibandika tangazo ukutani, pale juu ya birika, kwamba kila mfanyakazi mwenye maoni kuhusu panda ayawasilishe kwa maandishi kabla kamati haijakaa Ijumaa. Wenzangu wamefyata ulimi. Mtunza ndege amesema yeye hana neno. Karani wa tiketi amesema maoni yake unayajua, na kwamba ukitaka ayarudie atayarudia mbele za watu. Mimi maoni ninayo tangu mwezi uliopita, na yamenikaa kooni hadi mke wangu ameniambia ama niyaandike ama nihamie kulala sebuleni na shemeji.

Kwa faida ya wanakamati wasionijua: mimi ndiye mhudumu wa fisi, banda la tisa, huu mwaka wa kumi na tisa. Nastaafu mwisho wa mwezi ujao. Fisi mwenyewe ni mmoja, jike, mzee. Tunamwita Shangazi kwa sababu hawezi kuona mtu anapita bila kutaka kujua anatoka wapi na amebeba nini. Dada yake alikufa miaka minne iliyopita, na tangu hapo anaishi peke yake. Sasa katika ramani yenu mpya, mahali pa banda la tisa pameandikwa "Nyumba ya Panda", na Shangazi amesogezwa nyuma ya jenereta, ameandikwa kwa penseli, na mbele yake kuna alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza, Mkurugenzi! Miaka yote hii ya utumishi! Malalamiko yangu ni saba, na nitayapanga kwa namba ili mtu asiseme nimeropoka.

1. Kuhusu kazi. Nimekisoma kile kijitabu mlichotugawia, mara mbili, na mara ya pili nilivaa miwani. Panda anakula mianzi tangu asubuhi, analala palepale alipokalia, anaamka, anakula tena. Basi, hiyo ndiyo kazi yake. Mimi nina shemeji anayeishi hivyohivyo kwangu tangu alipokuja kututembelea kwa wiki mbili, mwaka juzi, na hakuna kamati iliyowahi kukaa kumjengea nyumba yenye kiyoyozi. Shangazi kwa upande wake anaripoti kazini kabla yangu. Nikifungua kufuli la nje saa kumi na mbili na nusu, namkuta uzioni, kasimamisha masikio, ananihoji kwa macho nimechelewa wapi.

2. Kuhusu mimi kufanywa panda. Wiki iliyopita ilikuwa wiki yako ya majaribio, ili ionekane kama tunaweza kumudu umati kabla panda wenyewe hawajaagizwa. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Ila panda hakuwepo, ikabidi apatikane mtu wa kuvaa lile vazi la manyoya lililobaki kwenye sherehe ya watoto, akae banda la kumi, lililo tupu, siku saba, ili daktari ajifunze kumpima, mlinzi ajifunze kupanga foleni, na mtunza bustani ajifunze kuleta mianzi kwa wakati. Kwenye kikao ulizungusha macho meza nzima, ukaishia tumboni kwangu. Ulitabasamu tu, na wenzangu wakapiga makofi. Mkurugenzi, hili ni tumbo la mtu wa miaka hamsini na tisa aliyelea watoto watano, si kifaa cha majaribio.

Hata hivyo nilikaa, maana mimi ni mtumishi. Daktari wa wanyama alinipima joto, akanikagua meno, akaandika kwenye fomu kwamba mnyama apunguze chumvi. Zipu ilikuwa mgongoni, kwa hiyo kila nilipobanwa na haja ilibidi nimpungie mlinzi mkono aje kunifungua, na umati ukidhani nausalimia, unashangilia. Nilipunga kwa nguvu zaidi, wakashangilia zaidi. Na bango lilikuwepo, kubwa, limeandikwa HILI NI JARIBIO, HUYU SI PANDA. Watu walilisoma kwa sauti, wakaendelea kupanga foleni. Sijui mji huu una nini.

3. Kuhusu foleni yenyewe. Njia ya kwenda banda la kumi inapita ubavuni mwa banda la tisa, na kwa siku saba ile foleni ilisimama mbele ya Shangazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nimezoea kuona watu wanapita pale haraka, wamefunga pua, kwa sababu ya yale waliyosimuliwa utotoni kwamba fisi ni mlafi na mjinga. Sasa wamekwama nusu saa nzima, hawana pengine pa kutazama, wakaanza kumtazama. Mama mmoja mwenye mwavuli alimweleza habari zote za mkwe wake, mwanzo hadi mwisho, na Shangazi akamsikiliza. Watoto wakalijua jina, ikawa Shangazi huku, Shangazi kule, naye kila akiitwa anakwenda. Kutwa kucha njiani, mnyama mzee yule! Usingizi wa mchana hakuuona hata siku moja. Hili ni lalamiko zito na ninaomba liingie kwenye kumbukumbu za kikao neno kwa neno.

4. Kuhusu mianzi. Mianzi pekee tuliyonayo ni ile iliyokizunguka choo cha wafanyakazi. Kufikia siku ya nne ilikuwa imekwisha. Mimi sikuila, naomba hilo lieleweke. Niliitafuna kidogo tu siku ya pili, kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekuwa analia. Sasa choo kiko wazi upande wa twiga, na karani wa tiketi ameapa haingii tena mle mpaka twiga ageuzwe. Hayo yametokea kwa panda mmoja wa bandia asiyekula. Wakija wawili wanaokula kwelikweli, wiki ya pili tutawalisha mafagio.

5. Kuhusu rangi. Kama kinachopendwa ni nyeusi na nyeupe, si mngesema? Rangi nyeupe ninayo, lile kopo lililobaki tulipopaka ukingo wa bwawa la kiboko, na dawa ya viatu nyeusi iko nyumbani. Asubuhi moja tu mtapata mnyama wenu. Nilimjaribu Shangazi kidogo begani, akaila brashi, lakini hilo ni suala la mazoea.

6. Kuhusu ugeni. Kijitabu chenu kinasema, ukurasa wa mwisho kwa maandishi madogo, kwamba panda hawatakuwa wetu. Wanakuja kwa mkataba. Wakizaa, mtoto naye si wetu, na mkataba ukiisha wote wanafungasha. Yaani tutawajengea, tutawapoza, tutajua nani anapenda kukunwa wapi, halafu siku moja lori linasimama getini. Mimi najua kumzoea mnyama kukoje. Najua pia kwamba siku ya kuondoka ikifika hakuna anayemweleza mnyama. Tangu mwanzo wa mwezi huu nimekuwa nikijaribu kumweleza Shangazi kwamba naondoka. Ananisikiliza vizuri sana, halafu ananiletea shingo nimkune. Nimeuliza ofisini mhudumu mpya ni nani, nikaambiwa jambo hilo litaangaliwa. Huyo naye nimemtafuta kwenye ramani, hayupo hata kwa penseli. Inaniuma, na sioni sababu ya kuficha.

7. Kuhusu kutambuana. Siku ya tatu ya majaribio alikuja dada yangu na wanawe. Dada yangu, tumbo moja, aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga. Alisimama mbele yangu robo saa. Aliwaeleza waliokuwa karibu kwamba panda huyu ni dume, unaona wazi kwa uvivu wake, na kwamba macho yake hayana akili. Nilimpungia. Akaniambia kaa chini wewe. Jioni nilimpigia simu, akanieleza habari zangu kwa furaha kubwa, asijue panda ni mimi.

Siku hiyohiyo zipu iligoma. Mlinzi alivuta, daktari akavuta, ikashindikana, ikabidi nitoke banda la kumi bado nimo ndani ya manyoya na kichwa chake, natafuta mtu mwenye koleo. Nikapita mbele ya Shangazi. Nilidhani atanikimbia, maana vazi lile linanuka kabati na jasho la watu wengi. Alinyanyuka. Alikuja moja kwa moja uzioni, akanusa mara moja, akaniangulia kile kicheko chake cha kila asubuhi. Jamani. Nililia mle ndani ya kichwa cha panda, Mkurugenzi, na mashimo ya macho ni madogo, sikuona njia, nikajigonga kwenye toroli. Ndiyo sababu ya lile jeraha la mguuni nililoliandika kwenye fomu kama ajali ya kawaida.

Sasa nakuuliza kwa adabu: panda wenu wataweza hilo?

Hayo ndiyo malalamiko. Ninalo pia ombi moja. Mchoro unasema nyumba ya panda inahitaji hatua kumi na mbili kwa nane, penye kivuli. Siku ulipokuwa kwenye semina niliingia kupima ofisi yako kwa miguu. Ni hatua kumi na mbili kwa tisa. Kivuli kipo, kiyoyozi kipo, pazia lipo, na kile kiti chako kinaweza kumbeba panda aliyekomaa bila kulalamika. Aidha, imeshathibitika kwa muda mrefu kwamba mtu anaweza kula na kulala mle kutwa na shughuli za bustani zisisimame. Wewe unaweza kuhamia nyuma ya jenereta. Nitakuandika kwenye ramani mimi mwenyewe, kwa wino, bila alama ya kuuliza.

Ikiwa ombi hilo ni gumu, basi ushauri wangu kwa kamati ni huu, na sitaubadilisha hata niitwe mara kumi: panda wasije. Wabaki kwao, wale mianzi yao kwa amani, na sisi mtuachie Shangazi wetu pale alipo.

Nisalimie wanakamati wote, pamoja na yule anayesinzia. Nisalimie mama watoto wako, mama wa chai, na dereva wako aliyenifikisha nyumbani nikiwa bado panda kuanzia kiunoni kwenda chini. Mke wangu anakusalimu. Shemeji yangu naye anakusalimu, kama ameamka.

Ni mimi niliyekuwa panda wako kwa siku saba na mhudumu wako kwa miaka kumi na tisa,

(sahihi)
Mhudumu, Banda la Tisa

Nimeongeza baada ya kusaini: Barua hii niliiandika Jumapili, siku moja baada ya majaribio kwisha. Leo ni Alhamisi na bado iko mfukoni, kwa sababu limetokea jambo.

Tangu foleni iondoke, Shangazi hagusi mfupa. Ikifika saa tatu asubuhi anakwenda kukaa pale uzioni, kaelekeza masikio njiani, anangoja. Saa kumi na moja jioni anaondoka. Daktari amemkagua, amesema haumwi popote. Jana nilikwenda kusimama pale njiani mimi mwenyewe. Nilibadilisha kofia mara tatu, nikafungua mwavuli wa karani, nikaita Shangazi kwa sauti ya kitoto. Alinitazama kwa huruma tu. Mtu mmoja hafanyi foleni, Mkurugenzi, hata akijitahidi. Na mwisho wa mwezi ujao hata huyo mmoja hatakuwepo.

Kwa hiyo nimepima tena. Banda la kumi likiunganishwa na stoo yangu ya zana linatoa hatua kumi na mbili kwa nane kamili, kivuli kipo, na banda la tisa haliguswi hata ukuta mmoja. Najua ndimo ninamokunywea chai. Toroli, mafagio, mipira ya maji na kiti changu nimeshavitoa nje, na ufunguo nimeuweka ndani ya bahasha hii.

Waleteni panda hao, tena upesi. Ila ile njia msiibadilishe. Foleni ipite kwa Shangazi kwanza, na mlinzi aambiwe asiiharakishe.