Profesa na Chupa Kumi na Mbili

Profesa hakuwahi kumfundisha mtu chochote, labda subira. Jina alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyelipinga, likamganda kama kupe.

Aliposikia afisa afya ametishia kufunga kiwanda cha betri hadi maji ya kijito cha nyuma yake yapimwe, alivaa koti jeupe akabisha hodi kwa mwenye kiwanda.

"Mzee, utafiti ni kama suti. Fundi hushona kwa kipimo cha mteja."

"Na muhuri?"

"Halisi, wa maabara ya serikali. Mimi sighushi mihuri. Nina maadili."

Ufundi wenyewe ulikuwa hapo: maabara hupima inacholetewa. Kijitoni hakukanyaga, viatu vilikuwa vipya. Alijaza chupa kumi na mbili kwenye bomba la jikoni kwake, akabandika vibandiko: Kijito, juu. Kijito, kati. Kijito, chini.

"Baba Watoto, maji yote hayo ya nani?" mkewe aliuliza huku akimnywesha maji kitinda mimba wao.

"Ya sayansi, mama. Usiyaguse."

Wiki iliyofuata mpimaji wa maabara, mama wa makamo asiyependa porojo, alimsogezea karatasi. "Madini ya risasi, mara sita ya kiwango. Nimerudia kupima. Mtoto akinywa haya, akili inadumaa taratibu, nanyi mnadhani ni mzito tu wa kusema."

Profesa aliisoma karatasi mara mbili. Kitinda mimba alikuwa na miaka mitatu, na maneno yake yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

"Mama, hayo si ya kijito. Ni ya jikoni kwangu."

"Majibu yakiwa mabaya, wote husema hivyo."

"Naapa."

"Uliapa na kwenye fomu. Saini yako hii."

Ilibidi amburute mpaka nyumbani. Mpimaji akachota mwenyewe, kisha akauliza bomba liliwekwa na nani.

"Mwenye kiwanda," mke akajibu. "Zawadi kwa nyumba zote za mtaa, maji yanatoka ndani ya uzio wa kiwanda. Huyu bwana ndiye aliyesoma risala ya shukrani."

Profesa alijaza fomu mpya, akaandika alikochota na alivyodanganya, akashika njia kuipeleka kwa afisa afya kwa miguu yake. Njiani simu ikalia.

"Profesa, majibu safi?"

"Sumu, Mzee. Tena ya bomba lako."

"Badilisha tarakimu. Nakulipa mara mbili."

"Nazipeleka kwa afisa afya zilivyo."



"Tapeli mkubwa wewe," mwenye kiwanda akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake, Profesa akawa amesingiziwa.