Januari Kibandani Kwangu

Jumatatu, 22 Mei
Zimebaki siku tano! Jumamosi wanakuja akina mama kumi na wawili kutoka Leicester, chama cha matembezi, kiongozi wao Bi Prudence Ashby. Vyumba vyote vinne vimejaa, watatu watatu. Mke wangu Hilary alishatamka: wageni wasipopatikana kabla ya Juni, nyumba hii ya wageni inauzwa, yeye anahamia kwa dada yake mjini Spalding, na mimi nijue pa kwenda. Basi nimewapata. Kwa akili tu.

Kila Januari kijiji chetu humcheza Dubu wa Mabua. Mtu huvishwa mabua ya ngano toka utosini hadi unyayoni, akatembezwa mlango kwa mlango kwa ngoma na kodiani. Kesho yake vazi linachomwa moto. Lazima lichomwe. Lakini Januari ni ukungu, theluji ya majimaji na mafua. Mgeni gani atakuja? Kwa hiyo mwaka huu nilichoma gunia la nyasi ndani ya koti langu kuukuu. Hakuna aliyeshtuka. Dubu mwenyewe yumo kibandani kwangu, mzima. Wageni watamwona juani! Utabiri unasema jua wiki nzima.

Jumanne, 23 Mei
Nimefungua kibanda nimpanguse vumbi. Hana vumbi. Nilimlaza chali, nimemkuta amekaa, amegeukia dirisha. Panya, bila shaka. Humo ndani baridi inatafuna mifupa, na maji ya ndoo yameganda. Mei hii! Barabarani watu wamevaa kaptula. Nimefunga mlango na kutia kufuli mbili.

Jumatano, 24 Mei
Colin Setchell, mwenye baa. Ndiye anayeishika kamba ya kumwongoza Dubu, kama baba yake kabla yake, na hajawahi kunipenda. Leo kaniuliza kutoka ng'ambo ya ukuta eti yule mpangaji wangu wa kibandani ana kiburi cha nini, anapungiwa mkono na haitikii. Nikamjibu ni mgeni, hajui desturi zetu. "Norman bwana," akasema, "wewe ukiambiwa usiguse, ndipo mkono unakuwasha." Wivu huo.

Maharagwe ya Hilary yameungua kwa baridi, mstari ulio karibu na kibanda peke yake. Nimemsingizia paka wa Colin.

Alhamisi, 25 Mei
Dubu nitamvaa mwenyewe. Kumwomba mtu mwingine ni kujichongea. Nimejaribu kuingiza mkono mmoja. Ndani kuna joto, kama kitanda ambacho mtu kaondoka sasa hivi. Nimeogopa. Naandika bila haya: nimeogopa sana. Kisha nikaikumbuka Spalding.

Jumamosi, 27 Mei
Jua England nzima, mpaka kwenye geti letu! Ndani ya geti, ukungu mtupu. Akina mama wameshuka na ndala na kofia za jua, meno yanagongana. Bi Prudence akauliza kama hali hii ya hewa nayo imo kwenye ratiba. Nikasema imo, tena bila nyongeza ya bei.

Saa nane nikapanda bafuni kubadili nguo. Kitasa kikakwama. Nasukuma, napiga mateke, naita, wapi! Nikachungulia dirishani. Dubu yuko uani, anacheza.

Anacheza kuliko nitakavyoweza maisha yangu yote. Mzito, kimya, bila ngoma. Amemwinamia kila mama kwa zamu. Amemwinamia Hilary, akampa mkono. Kisha akarudi kibandani taratibu na mlango ukajifunga nyuma yake. Hapo ndipo kitasa cha bafu kikalegea. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi. Halafu nikasikia makofi, nikashuka mbio kuyapokea. Nimewaambia siri ni mazoezi.

Jumapili, 28 Mei
Wageni wameondoka wamefurahi. Hilary hajafurahi. Sanduku lake liko mlangoni. Anasema wakati anapewa mkono na Dubu alikuwa akiiona sura yangu kwenye dirisha la bafu. Anasema ndani ya ule mkono hamkuwa na mtu. Alilia. Miaka thelathini sijamwona akilia kwa vituko vyangu, na moyo umeniuma kwelikweli. Akaniambia nimchome leo hii, mbele ya watu, ama yeye anaondoka na harudi.

Colin alileta mafuta ya taa bila kuombwa. Hata kunicheka hakunicheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Debe zima limeishia pale, Dubu akateketea. Ukungu ukayeyuka papo hapo na ndege wakaanza kulia. Hilary akarudisha nguo zake kabatini. Nimeapa mbele ya wote kwamba sirudii tena.

Jumatatu, 29 Mei
Bi Prudence amepiga simu! Wote kumi na wawili wanataka kurudi Septemba, pamoja na majirani zao. Heri nilibakiza kichwa na kuwachomea gunia la nyasi mahali pake. Niliapa kuhusu Dubu, na kichwa si Dubu, ni kichwa. Nimekiweka chumba namba nne, juu ya kabati, nikakifunika shuka.

Jioni Hilary kauliza ni nani anaviringisha mpira kule juu, na mbona baridi inapenya chini ya mlango. Nimemwambia ni mgeni, amewahi kuja ili azikwepe mvua. Mke wangu ana moyo! Kachemsha chai, kakata keki, kashika sinia, huyo anapanda ngazi.

Namsikia anapiga hodi.

Ameitikiwa, "Karibu."

Kumbe kinasema! Lazima nimpigie Bi Prudence sasa hivi.