Ombi la Kuvuliwa Heshima ya Mfanyakazi Bora

Mheshimiwa Mkuu wa Utumishi,

Salaam, na pole kwa majukumu.

Mimi ni karani wa masjala, yule wa chumba cha mwisho, jirani na choo. Kwa miaka kumi na tisa niliridhika na kazi yangu kwa sababu sikuifanya. Mwezi uliopita wewe ulinikuta nimelala sakafuni nyuma ya makabati, ukadhani natafuta faili lililodondoka. Ukanitangaza Mfanyakazi Bora, na picha yangu ukaitundika mapokezi ili kuwatia wengine moyo. Mheshimiwa, umenimaliza! Nalalamika hivi:

1. Sasa najulikana. Zamani mwenye shida akiulizia masjala, mlinzi alimshauri asijisumbue. Siku hizi anamwonyesha picha, kisha anamsindikiza hadi mlangoni kwangu.

2. Tarishi, mwenzangu wa kupiga soga, ananiamkia shikamoo. Nimemzidi miaka miwili tu!

3. Jumanne alikuja muuguzi mstaafu. Faili lake lilipotea miaka minne iliyopita, na bila hilo hana cha kuthibitisha kwamba aliwahi hata kuajiriwa. Kwa aibu ya ile picha, nikalitafuta kweli. Nikalipata. Ndilo nililokuwa nalifanya mto. Mama wa watu alinishika mikono yote miwili akalia, akaniombea dua mimi na wanangu, nami sikuwa na pa kuuficha uso.

4. Tangu siku hiyo usingizi wa kazini umekata kabisa. Nyumbani naingia nikipiga mluzi, mke wangu ananinusa mdomo. Nilipomweleza kwamba ni furaha ya kazi, alimpigia simu dada yake.

Kwa hiyo naomba picha ishushwe, nirudishiwe uzembe wangu. Nimebakiza miaka mitatu kustaafu. Huu si umri wa kuanza kazi. Wasalimie wote ofisini kwako, hata mpiga picha, ingawa yeye ana lake la kujibu.

Wako mtiifu, shingo upande,
Karani wa Masjala

Nyongeza: Nikiwa naifunga barua hii, ameingia fundi bomba anayefuatilia faili lake tangu mwaka juzi. Nikamwambia arudi Jumatatu. Akashukuru, akageuka kuondoka, hakuuliza hata kwa nini. Moyo ukanichoma. Nimemwita, nimemkalisha kwenye kiti changu. Tafadhali mpe tarishi anayeleta barua hii ufunguo wa kabati la tatu, ulio kwako miaka yote bila mimi kuuomba, na usimpigishe soga.