Jinsi Mwani Ulivyomwingia Kondoo Sukari

Sogeeni, enyi watu wa Matulo na Misikhu, nanyi mnaopukusua mahindi kule Kitale! Lazeni majembe, punguzeni redio, watulizeni watoto mgongoni; kwa maana hivi ndivyo vita alivyopigana Nanyama binti Wekoye, mshika mwiko, mlezi wa wajukuu asiyechoka, mwaka wa elfu mbili na sita, dhidi ya jeshi lililojificha ndani ya ini la kondoo mmoja.

Adui alikuwa mnyoo bapa, mwembamba kama jani la chai, asiye na aibu. Utotoni hupanga chumba ndani ya konokono kule kinamasini. Akikomaa kidogo hupanda unyasi, akangoja mdomo wa mnyama. Akifika kwenye ini hujenga kabisa. Tena ni mume na mke katika mwili mmoja, hajui posa wala ng'ombe wa mahari, basi huzaa apendavyo.

Kondoo mwenyewe aliitwa Sukari, yatima ambaye Nanyama alimlea kwa chupa kando ya meko. Sasa alikuwa amevimba chini ya taya kama aliyeficha maji huko. Dawa ya duka aliitema yote. Wepukhulu, mume wa Nanyama, mzee wa fimbo moja na neno moja, akatangaza:

"Jumamosi namchinja. Kondoo gani huyu, anakula nyasi yangu kulisha minyoo?"

Nanyama hakulia. Alikuna kichwa.

Ndipo Kui, mke wa mwanawe Wamalwa, mzaliwa wa Kitale, akawasili na mfuko wa mwani mkavu.

"Mama, dada yangu ametuma kutoka pwani. Ati wasomi wanatoa dawa ndani yake. Minyoo ikiwekewa kwa bakuli inalegea, inalala."

"Na ndani ya kondoo?"

"Hapo bado hawajajua, mama."

"Basi si tutajua sisi," akanena Nanyama, akautwaa mfuko.

Shambulio la kwanza lilikuwa la chupa. Sukari akafunga meno kama lango la jela. La pili lilikuwa la mwani uliochanganywa na unga. Sukari akapiga chafya, unga wote ukamvaa Kui usoni. Ndipo shujaa akakumbuka silaha ya mama yake: munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe yanayolainisha mboga chungu. Akauchemsha mwani kwa munyu, akautia maziwa, akaufunika.

"Kui, linda hiki chungu. Naenda kumfungua Sukari."

Lo! Wepukhulu akarudi kutoka shambani na njaa yake. Na sheria ya boma lile ni kwamba mke wa mtoto hakai mahali baba mkwe anapokula, wala hamrushii maneno. Na Kui, ambaye aliishika sheria hiyo kwa bidii ya mgeni, akakimbilia nyuma ya ghala. Kutoka huko akamwona mzee akifunua, akipakua, akikaa na ugali baridi. Kui akakohoa kumwonya. Akapiga makofi. Akaimba wimbo wa kanisani, beti zote.

"Nani anaimba vizuri hivyo?" Wepukhulu akauliza, akimega tonge.

Nanyama akatokea akivuta kamba. "Baba Wamalwa! Unakula nini?"

"Mboga. Leo umepika bana, imeshinda hata mlenda wa murere."

"Hiyo ni dawa ya minyoo ya Sukari!"

Tonge likasimama hewani. Naye Sukari, aliyedharau chupa na unga, alipoona binadamu anafaidi peke yake, wivu ukampanda. Akaikata kamba, akashuka kama radi, akatia kichwa kwenye sahani na kuilamba mpaka maua ya sahani yakaonekana.

Wepukhulu akainuka kwa utukufu. "Mimi! Mzee wa kanisa! Nimelishwa dawa ya kondoo?"

"Mmekula sahani moja, mzee," Nanyama akasema polepole. "Sasa huyu ni mgonjwa mwenzako. Utamchinja vipi?"

Mzee akamtazama kondoo. Kondoo akacheua. Fimbo ikalazwa chini.

"Mpe maji," akasema. "Na mimi pia."

Kigelegele kikapaa kutoka nyuma ya ghala, mwenyewe bado amejificha. Na iandikwe hivi kwa vizazi: siku hiyo mwani wa bahari ulipanda hadi Matulo ukashinda. Kuhusu minyoo, ya mmoja na ya mwingine, hakuna mjumbe aliyetoka kuleta habari. Lakini Jumamosi ilifika, na boma zima likala maharagwe.